Silaha za mabilioni, zikitazamwa kutoka Mtwara

Kati ya mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za Msumbiji zilizoundwa kwa mkono wa serikali na idara ya usalama zilikopa zaidi ya dola bilioni 2. Proindicus ilipewa kazi ya kulinda bahari kwa rada, boti za mwendo kasi na ndege za doria. Ematum ilitajwa kuwa ya kuvua jodari, ingawa baadaye serikali ilikiri kwamba sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa ya ulinzi. MAM ingekarabati vyombo vya hizo mbili. Hoja ilionekana nzito: gesi nyingi imegunduliwa baharini Cabo Delgado, na mali ikishaonekana lazima ilindwe.

Tarehe 5 Oktoba 2017, katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado, kikundi cha vijana wenye mapanga na bunduki kilivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Mji huo uko takriban kilomita 100 kusini mwa mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Hakuna rada iliyowaona wakija, kwa sababu hawakuja kwa manowari. Wengi wao walikuwa vijana wa palepale, wanaojulikana mtaani, waliokuwa wakigombana na masheikh wa misikiti yao kwa miaka kadhaa kabla ya kushika silaha.

Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, swali la kama fedha nyingi zinazomwagwa kwenye teknolojia ya kijeshi zina tija halihusu Ukraine na Marekani peke yake. Jibu mojawapo tunalo ng'ambo ya mto, na limewafikia watu tunaooleana nao na kuzikana nao. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba silaha ya kisasa hulipa gharama yake pale inapomjibu adui uliye naye kweli, ikiwa mikononi mwa watu wanaoijua na ina fungu la matunzo la kila mwaka. Moja kati ya hayo likikosekana, bei kubwa haiongezi usalama hata kidogo. Na ikinunuliwa kwa siri hata Bunge lisijue, ishukiwe tangu siku ya kwanza.

Tuendelee kwanza na Msumbiji, maana mkopo ule una kila somo. Sehemu kubwa ya deni ilifichwa, Bunge halikuidhinisha dhamana za serikali, na mwaka 2016 siri ilipofichuka Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walisimamisha misaada ya bajeti. Thamani ya metikali, sarafu ya Msumbiji, iliporomoka. Boti za Ematum zilibaki zimefungwa gatini Maputo zikiota kutu. Benki iliyotoa sehemu kubwa ya mkopo, Credit Suisse, ilikubali mwaka 2021 kulipa mamlaka za nchi mbalimbali takriban dola milioni 475. Waziri wa fedha aliyesaini dhamana, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York mwaka 2024, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Taasisi ya CIP ya Maputo na ile ya CMI ya Norway zilikadiria mwaka 2021 kwamba hasara kwa uchumi wa Msumbiji ilifikia walau dola bilioni 11.

Ukitazama tarehe utaona ubaya wake. Vita vya Cabo Delgado vilianza mwaka mmoja na nusu baada ya serikali kuishiwa fedha. Askari walioko Mocímboa da Praia na Macomia walipigana wakiwa na uhaba wa karibu kila kitu, kuanzia magari na redio hadi chakula. Fedha ya ulinzi ilikuwa imekwisha kutumika kumsubiri adui wa baharini, na adui akatokea msituni.

Serikali ikatafuta njia ya mkato. Septemba 2019 walifika mamluki wa Wagner kutoka Urusi, wapatao 200, wakiwa na helikopta na vifaa ambavyo jeshi la Msumbiji halikuwa navyo. Walivamiwa kwa kushtukizwa porini, wakapoteza watu, na baada ya miezi michache wakarudi nyuma. Ikafuata kampuni binafsi iliyotumia helikopta za kukodi. Hata hivyo Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa yote pamoja na bandari yake, na Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa. Mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20 pale Afungi. Waliokimbia Palma wengine walivuka Ruvuma kuja upande wetu, wengine wakapanda boti kwenda Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado.

Julai 2021 waliingia Wanyarwanda 1,000, askari na polisi, na tarehe 8 Agosti wakishirikiana na jeshi la Msumbiji waliirudisha Mocímboa da Praia. Hawakuwa na ndege za ajabu. Walikuwa na magari ya deraya, mawasiliano yanayofanya kazi, chakula kinachofika kwa wakati na nidhamu ya kufanya doria kwa miguu usiku na mchana. Pia walizungumza na wenyeji kwa Kiswahili, ambacho watu wa pwani ile wanakielewa vizuri kuliko Kireno. Umoja wa Ulaya uliwasaidia kwa euro milioni 20 mwaka 2022 na nyingine milioni 20 mwaka 2024. Hiyo si gharama yote ya operesheni yao, na mashambulizi hayajaisha hadi leo, lakini iweke karibu na dola bilioni 2 za rada na boti halafu uone tofauti.

Mtu anaweza kusema Msumbiji ni suala la wizi, si la teknolojia. Ni hoja ya haki. Basi tuangalie nchi yenye wakaguzi makini, wahandisi wengi na fedha isiyokauka.

Kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Sweden, dunia ilitumia dola trilioni 2.7 kwa majeshi mwaka 2024, na Marekani peke yake dola bilioni 997. Ndege yake ya kivita ya F-35 ndiyo mradi wa silaha ghali kuliko yote katika historia: ofisi ya ukaguzi ya serikali yao inakadiria kwamba hadi mwisho wa maisha ya ndege hizo zitakuwa zimegharimu zaidi ya dola trilioni 2. Msomaji asikimbilie bei ya kuzinunua. Sehemu kubwa ya fedha hiyo, karibu trilioni 1.6, ni ya kuzirusha na kuzitunza. Ofisi hiyohiyo iligundua kwamba Machi 2023 asilimia 55 tu ya ndege hizo zilikuwa tayari kwa kazi. Nyingine zilisubiri vipuri au zilikuwa zimepanga foleni ya matengenezo.

Mvuvi yeyote wa Shangani au Msimbati anaielewa hesabu hii. Mashine ya boti unainunua mara moja, lakini petroli, oili, plagi na fundi unavilipa kila wiki, na siku kipuri kinapokosekana Mtwara ukaambiwa kiagizwe Dar es Salaam, mashine ya milioni kadhaa inakuwa mzigo wa kuegemeza ukutani. Silaha ya kisasa ni hivyo hivyo, ila fundi wake yuko nchi nyingine, programu yake inasasishwa na aliyekuuzia, na siku mkikorofishana naye kisiasa vipuri vinakwama bandarini kwake.

Kwa nini bei hupanda kila mara? Wauzaji ni wachache na mnunuzi ni mmoja, kwa hiyo ushindani ni mdogo. Majenerali huongeza matakwa mradi ukiwa njiani: iruke mbali zaidi, isionekane kwenye rada, ibebe na hiki na kile. Kila nyongeza inaleta mchoro mpya na majaribio mapya. Gharama ikivuka bajeti, wanapunguza idadi ya vitakavyotengenezwa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu gharama ya utafiti haipungui. Inagawanywa kwa vyombo vichache, bei ya kimoja inapaa, na wakaguzi wanapiga kelele idadi ipunguzwe tena. Manowari za Zumwalt zilipangwa kuwa 32, zikatengenezwa tatu. Mizinga yake ilihitaji risasi maalumu ambazo, meli zilipobaki tatu, zilifikia takriban dola 800,000 kwa moja. Jeshi la wanamaji likaacha kuzinunua, na meli zikabaki na mizinga isiyo na cha kufyatua.

Kisha zikaja droni. Ile ya Shahed ya Iran, ambayo Urusi inairusha Ukraine kila usiku, inakadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora moja la Patriot la kuitungua ni karibu dola milioni 4. Katika Bahari ya Shamu, kuanzia mwishoni mwa 2023, manowari za Marekani zilifyatua makombora ya dola milioni 2 kuangusha droni za Wahouthi wa Yemen zenye bei ya gari kuukuu. Wengi wakiona hesabu hii husema mwenye kombora ameshapigwa mfukoni.

Hapo mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kombora halilinganishwi na bei ya droni, linalinganishwa na kile ambacho droni ingekiharibu. Kama ni meli ya mafuta yenye mabaharia ndani, au kituo cha umeme kinachohudumia mji mzima wakati wa baridi, milioni 4 si nyingi. Tatizo la kweli ni idadi. Makombora ya Patriot yanatengenezwa mamia machache kwa mwaka, wakati Ukraine peke yake ilipata zaidi ya droni milioni moja ndogo za mapigano mwaka 2024, nyingi zikiunganishwa kwenye karakana za kawaida kwa dola mia chache kila moja. Anayeweza kurusha elfu moja usiku mmoja na kesho akarusha nyingine elfu atakumalizia ghala, hata kama kila kombora lako linapiga sawasawa. Tarehe 1 Juni 2025 Waukraine waliingiza droni 117 ndani ya Urusi zikiwa zimefichwa kwenye malori, wakaharibu ndege kubwa za kudondosha mabomu zikiwa zimeegeshwa uwanjani. Ndege hizo hazitengenezwi tena, kwa hiyo Urusi haina pa kununua nyingine.

Wanaotetea matumizi makubwa wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: mengi tunayotumia kila siku yalianzia jeshini. Mfumo wa GPS ulijengwa na jeshi la Marekani, satelaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka 1978, na mwaka 2000 serikali yao ikaacha kuharibu makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Leo nahodha anayetoka Mikindani kwenda kutega nyavu usiku anarudi palepale kwa simu ya mkononi. Intaneti nayo ilichipukia kwenye mradi wa wizara ya ulinzi ya Marekani ulioanza kazi mwaka 1969. Lakini faida hiyo ilitufikia kwa sababu teknolojia ilifunguliwa kwa raia, na kwa sababu nchi iliyolipa ilikuwa inabuni yenyewe. Nchi inayonunua silaha iliyofungwa kwenye kasha, isiyoruhusiwa hata kufungua kifuniko, haipati ujuzi huo. Inapata risiti.

Ndiyo maana nathamini zaidi vitu kama Nyumbu, kituo cha jeshi letu pale Kibaha kinachohangaika na magari na mitambo, au shirika la Mzinga la Morogoro. Bidhaa zao haziwezi kushindana na za Wamarekani, lakini kijana anayejifunza kuchonga chuma pale anabaki nchini na ujuzi wake.

Kusini tuna ushahidi wa zamani pia. Mapigano ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, dhidi ya Wareno yalianza Septemba 1964, na Nachingwea ikawa kambi yao kubwa ya mafunzo. Wareno walikuwa na ndege za jeti za Fiat, helikopta na mabomu ya kuunguza. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliendesha operesheni kubwa kuliko zote, akiwa na wanajeshi takriban 35,000, kuzifuta kambi za Frelimo kaskazini. Kambi zilichukuliwa, wapiganaji wakasambaa, na vita vikasogea Tete. Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno lenyewe, waliochoshwa na vita visivyo na mwisho, waliipindua serikali ya Lisbon. Mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Makaburi ya mashujaa pale Naliendele yanatukumbusha kwamba hata askari wetu walilipa gharama ya ukombozi ule.

Nisieleweke kwamba umaskini wa silaha ni sifa. Katika miaka ya mwisho Frelimo walipata makombora ya Kirusi ya Strela, ambayo mtu mmoja anayabeba begani, na marubani wa Kireno wakaanza kuogopa kuruka chini. Hiyo nayo ilikuwa teknolojia ya kisasa. Ilifaa kwa sababu ilijibu tatizo moja lililojulikana wazi, kwa chombo ambacho mpiganaji wa msituni angeweza kukibeba na kukitumia.

Na sisi Watanzania tunayo kesi yetu, ile ya rada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, karibu dola milioni 40 wakati huo. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada wa Uingereza, alipinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Rada ikaja. Mwaka 2010 BAE ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za mauzo hayo, ikapigwa faini ya pauni 500,000 na kukubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Hizo ndizo zilizoitwa chenji ya rada, na zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 67.3, sawa na dola milioni 30 hivi. Rada hizi na ile si za aina moja, na teknolojia hushuka bei kadiri miaka inavyokwenda. Hata hivyo nne kwa bei iliyo chini ya ile ya moja inatosha kumfanya mlipakodi adai kuona mkataba.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa siku ya kununua, nayo ni ya kuhifadhi. Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, na Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu wasiopungua 20, makombora yakianguka kwenye nyumba za watu. Kukagua na kuteketeza mabomu yaliyochakaa ni kazi isiyo na sherehe wala gwaride, na ndiyo maana fungu lake ni rahisi kukatwa.

Sasa turudi mpakani. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka ng'ambo walivamia kijiji cha Kitaya, Mtwara Vijijini, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mkuu wa Jeshi la Polisi wakati huo, Simon Sirro, alisema wavamizi walikadiriwa kufika 300. Hapo ndipo swali la teknolojia linapotakiwa kujibiwa bila ushabiki, maana mpaka wetu na Msumbiji una zaidi ya kilomita 700 na sehemu kubwa yake ni mto.

Kiangazi Ruvuma inapungua, visiwa vya mchanga vinajitokeza, na watu wanavuka kwa mitumbwi kama wanavyovuka barabara. Huyu anakwenda shambani kwake, yule kwa shangazi yake mgonjwa, mwingine amebeba samaki wakavu au madumu ya mafuta ya taa. Droni yenye kamera ya usiku ingewaona wote hao. Kazi ya kuona inaiweza kuliko askari 100, na kwa mpaka mrefu namna hii naamini fedha yake ni halali. Ila kwenye kioo cha kamera mkulima mwenye jembe na mpiganaji mwenye bunduki wanaweza kufanana, na kosa la kumpiga mkulima linazaa maadui kumi. Anayejua kwamba vijana watano waliolala kwa mzee fulani si wa kijiji hicho ni jirani yake. Atasema au hatasema kutegemea anavyowaona askari: kama watu wanaomsalimia na kumsikiliza, au kama watu wa kumpekua na kumnyang'anya kitambulisho.

Askari tuliowaona wengi zaidi huku kusini katika miaka ya karibuni walikuja na malori, Novemba 2018, kusomba korosho baada ya serikali kuamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sina nia ya kulifufua suala la malipo ya wakulima. Nasema tu kwamba lori zima, lenye dereva na mafuta, linaloweza kufika Kitaya au Tandahimba usiku wa masika barabara ikiwa tope, ni chombo cha ulinzi kama kilivyo kingine chochote.

Kwa hiyo Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ikiletewa ombi la kununua droni au boti mpya za doria, hata kama ni kwa mlango uliofungwa, kuna mambo ningependa iyadai. Bei itajwe pamoja na mafuta, vipuri na mafunzo ya miaka kumi. Ijulikane nani atatengeneza chombo kikiharibika Mtwara, na itachukua siku ngapi. Mkaguzi Mkuu aruhusiwe kuona mkataba wote. Halafu wajumbe wafunge safari hadi vijiji vya kandokando ya Ruvuma, wawashe simu zao. Katika vijiji kadhaa watapokea ujumbe wa kukaribishwa Msumbiji, kwa sababu mawimbi ya ng'ambo yana nguvu kuliko yetu, na kuna mahali hawatapata mtandao kabisa. Mwanakijiji aliyeona mtumbwi wa wageni saa nane usiku anahitaji simu inayoita upande huu. Minara hiyo haimo katika fungu la ulinzi. Ningependa iingizwe, na ijengwe kabla ya droni ya kwanza.